Sura ya Tano: Albamu Iliyolelewa na Wasikilizaji

Februari 1999, jijini London, waandaaji wa tuzo za BRIT walitangaza jina la msanii mpya bora wa Uingereza. Tuzo hiyo ilikuwa ya kura za umma, na miongoni mwa waliowania walikuwemo Steps, kundi la vijana watano waliokuwa wakichezwa redioni asubuhi hadi usiku, wenye mavazi ya kung'aa na mitindo ya kucheza ambayo watoto wa shule waliijua yote. Walioshinda ni Belle and Sebastian, bendi ya Glasgow ambayo wengi waliokuwa mbele ya televisheni usiku ule hawakuwa wamewahi hata kuisikia kwa jina.

Pete Waterman, mtayarishaji aliyekuwa nyuma ya Steps, hakuficha hasira yake. Magazeti nayo yakaanza kuuliza kura zile zimetoka wapi. Vidole vikaelekezwa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, kwa sababu kura zilipigwa pia kwa intaneti, na siku hizo mtu aliyekuwa na intaneti ya kutumia bila kuhesabu dakika alikuwa mwanafunzi aliyekaa mbele ya kompyuta ya chuo. Maneno yakasemwa mengi. Matokeo hayakubadilika, na tuzo ikabaki Glasgow.

Kilichonivutia katika kisa hiki ni watu waliopiga kura zile kuliko tuzo yenyewe. Hakuna kampuni iliyowapanga. Hakuna tangazo lililowaambia waipende bendi ile. Walikuwa wametawanyika katika miji ambayo haikujuana, kila mmoja akidhani ni yeye na rafiki zake wachache tu, mpaka siku walipohesabiwa pamoja. Bendi ilikuwa na albamu tatu kufikia wakati huo, na ile ya tatu ndiyo iliyokuwa mpya madukani. Lakini albamu iliyowafunga watu wale kwenye bendi hiyo, na ambayo hadi leo hutajwa kwanza kila mazungumzo ya Belle and Sebastian yanapoanza, ni ile ya pili: If You're Feeling Sinister.

Ilitolewa Novemba 1996 na Jeepster, lebo ndogo ya London. Ina nyimbo 10 na inachukua dakika zipatazo 41. Haikuvuma ilipotoka, wala haikukaribia kilele cha orodha za mauzo. Ili kuelewa kwa nini, inatosha kukumbuka kwamba miezi mitatu kabla yake Oasis walikuwa wamepiga siku mbili mfululizo katika viwanja vya Knebworth mbele ya watu takriban 250,000. Huo ndio ulikuwa muziki wa gitaa wa Uingereza mwaka ule: vifua mbele, vikuza sauti vimefunguliwa mpaka mwisho, umati mzima ukiimba kiitikio. Halafu ikaja hii, ya mwimbaji asiyepaza sauti hata pale wimbo unapompa nafasi ya kupaza, na wenzake wanaompigia gitaa lisilo la umeme, selo, fidla, tarumbeta na kinanda, kwa utaratibu wa watu wanaosikilizana. Mashairi yake yamejaa wanafunzi, wanariadha wa shule, makasisi, mabasi, vitabu na vyumba vya kulala.

Mtunzi wa nyimbo hizo, Stuart Murdoch, alizaliwa 1968. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow, mpenda kukimbia na mpenda matamasha, alipougua mwishoni mwa miaka ya 1980. Ugonjwa wenyewe hufupishwa ME, na wengi huufahamu kama uchovu sugu. Ni ugonjwa wa kikatili kwa namna yake, kwa sababu hauonekani. Mgonjwa anatazamwa na jirani kama mtu mzima kabisa, na huku kupanda ngazi kunamshinda. Akijikaza leo kufanya jambo dogo, mwili unamdai kesho na keshokutwa. Masomo yalimshinda, kazi ikamshinda, marafiki wakaendelea na maisha. Hali hiyo ilimshika kwa miaka ipatayo saba.

Katika miaka hiyo ndipo alipoanza kutunga. Kabla ya hapo alikuwa msikilizaji kama wasikilizaji wengine, mnunuzi wa santuri na mpigaji wa santuri kwenye kumbi za wanafunzi. Ugonjwa ulimkalisha kwenye piano. Alipopata nafuu kidogo alijifunza kutembea tena mjini, na mara nyingi alipanda basi bila safari yoyote, akakaa dirishani akawatazama watu. Baadaye aliishi kwa miaka kadhaa katika chumba kilicho juu ya ukumbi wa kanisa, mtaa wa magharibi ya Glasgow, akiwa ndiye mwangalizi wa ukumbi huo. Nasisitiza mambo haya kwa sababu yanaonekana katika kila wimbo. Ni albamu ya mtu aliyetazama maisha ya wenzake kwa muda mrefu bila kuweza kushiriki, na ambaye kwa bahati njema hakuyatazama kwa uchungu.

Angalia wimbo wa kwanza, The Stars of Track and Field. Mtu ambaye mwili ulimnyima mbio anawaimbia mashujaa wa uwanja wa riadha wa shule, vijana warembo wenye afya ambao kila mtu anawatamani. Angetarajiwa kuwaonea kijicho, na kijicho kidogo kimo. Lakini kinachotawala ni mshangao wa jinsi walivyo wazuri. Wimbo unaanza chini sana, gitaa na sauti peke yake, kisha ala moja baada ya nyingine zinaingia, na tarumbeta inapofika msikilizaji anajikuta amesimama upande wa mtu aliyekuwa akitazama kutoka pembeni.

Au chukua wimbo ulioipa albamu jina. Unamhusu kijana wa kiume aliyekata tamaa na binti anayebeba maswali yake kanisani. Kasisi anayekutana naye hana jibu la kumtosha. Nyuma ya muziki kunasikika sauti za watoto wakicheza, na zinaendelea kusikika wakati mwimbaji anaeleza mambo mazito kwa sauti ile ile ya upole. Murdoch ni Mkristo, mtu wa kwaya na ibada, na hakuandika wimbo huo kulidhihaki kanisa. Aliandika akiwa ndani. Ndiyo maana wasikilizaji wasio na dini waliupenda kwa ujasiri wake, na wenye dini wakaupenda kwa sababu uliuliza walichokuwa wakikiuliza usiku.

Katika taarab yetu, shairi likimgusa mtu anainuka kwenda kutuza, na ukumbi mzima unaelewa kwamba amelichukua lile shairi kuwa lake. Mwimbaji hakumtungia yeye, wala hamjui. Wasikilizaji wa albamu hii walifanya jambo hilo hilo, ila kila mmoja chumbani kwake, bila ukumbi na bila macho ya watu. Walikuwa wanafunzi wapya katika miji wasiyoizoea, vijana waliokuwa na haya, wagonjwa, watu ambao vipaza sauti vya Knebworth haviwasemi. Walisikia mtu akiongea kuhusu msichana anayeota farasi, kuhusu mbweha kwenye theluji, kuhusu kijana na mwanajeshi mzee wasioelewana, na wakaamini kwamba mwenye macho ya kuona vitu vidogo kama hivyo angewaona na wao.

Mapenzi hayo yasingekua hivyo kama bendi ingefanya kazi yake kwa njia ya kawaida. Naamini hili kwa dhati, na historia ya mwanzo wake inaniunga mkono.

Belle and Sebastian, ambao jina lao linatokana na hadithi ya watoto ya Mfaransa Cécile Aubry kuhusu mvulana na mbwa wake mkubwa, walianza kwa mlango wa nyuma kabisa. Murdoch na mpiga besi Stuart David walikutana kwenye mafunzo ya muziki yaliyoandaliwa kwa ajili ya watu wasio na ajira. Chuo cha Stow, hapo hapo Glasgow, kilikuwa na kozi ya biashara ya muziki chini ya Alan Rankine, aliyewahi kuvuma na The Associates, na wanafunzi wa kozi hiyo walikuwa na lebo yao, Electric Honey, iliyotoa kazi ya msanii mmoja kwa mwaka. Kwa kawaida ilikuwa singo. Murdoch alikuwa na nyimbo nyingi kuliko singo moja, kwa hiyo ikawa albamu nzima, Tigermilk, iliyorekodiwa kwa siku tatu na kutolewa Juni 1996. Zilichapwa santuri 1,000 tu.

Sinister ikafuata miezi mitano baadaye, ikiwa imerekodiwa kwa haraka katika studio ya CaVa, Glasgow, chini ya Tony Doogan. Aliyeipenda Sinister, haukupita muda akasikia kwamba ipo nyingine iliyoitangulia, na kwamba haipatikani. Hapo ndipo kazi ya msikilizaji ilipoanza. Nakala za Tigermilk zilipanda bei mpaka mamia ya pauni, fedha ambazo mwanafunzi hakuwa nazo. Waliokuwa na santuri wakawarekodia wenzao kwenye kanda. Kanda hiyo ikarekodiwa kanda nyingine, na nyingine, kila mara sauti ikizidi kufifia. Ilipotolewa upya madukani mwaka 1999, wapo waliokuwa wameisikiliza miaka miwili bila kujua inasikikaje bila mvumo wa kanda.

Na bendi yenyewe ilinyamaza. Katika miaka ile ya mwanzo walikataa mahojiano mengi. Magazeti yalipoomba picha, yalipelekewa picha za marafiki zao, na wanabendi wenyewe hawamo. Jalada la Sinister ni picha ya rafiki, iliyotiwa rangi nyekundu moja juu ya nyeusi na nyeupe. Nyimbo nyingine nzuri walizitoa katika rekodi fupi tatu mwaka 1997 ambazo wakati huo hazikuingizwa kwenye albamu yoyote, hivyo msikilizaji aliyezitaka alilazimika kuzitafuta moja moja. Waandishi wa muziki walichukizwa, na kuna walioandika kwamba ni maringo. Mimi naona walikuwa vijana wenye haya, mmoja wao akiwa ametoka kwenye ugonjwa mrefu, ambao hawakuona kwa nini sura zao ziwahusu watu.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Msikilizaji aliyekosa mahojiano ya kusoma alibaki na nyimbo zenyewe. Alizisikiliza tena na tena akitafuta ndani yake kile ambacho angekisoma gazetini. Alimwandikia mwenzake, akamuuliza yule binti wa wimbo ulioipa albamu jina alipatwa na nini, na mwenzake akamjibu kwa kurasa. Nafasi ambayo kampuni kubwa hujaza kwa matangazo ilikuwa wazi, na wasikilizaji wakaijaza wenyewe. Kitu ambacho mtu amekitafuta, akakinakili kwa mkono wake, akakipeleka kwa rafiki, si rahisi kukiacha.

Aprili 1999, miezi miwili tu baada ya ile tuzo, bendi iliwaita watu hao mahali pamoja. Tamasha liliitwa Bowlie Weekender na lilifanyika Camber Sands, pwani ya kusini ya Uingereza, katika kijiji cha mapumziko cha bei nafuu ambacho familia za wafanyakazi zilikuwa zikienda wakati wa likizo. Hapakuwa na mahema wala matope. Watu walilala kwenye vyumba vidogo vya wapangaji, na wanamuziki wakalala kwenye vyumba kama hivyo hivyo jirani yao. Bendi ndiyo iliyochagua nani apige, wakiwemo Mogwai na The Flaming Lips. Mtindo huo, wa msanii kuchagua wenzake na wote kukaa pamoja siku tatu, uliendelezwa kwa jina la All Tomorrow's Parties na ukaigwa kwa miaka mingi. Mwaka 2019 Belle and Sebastian waliurudia baharini, ndani ya meli iliyotoka Barcelona na wasikilizaji wao wamejaa humo.

Wapo waliowakataa tangu mwanzo na hawajabadilika. Waliwaita laini, wa kitoto, watu wa sweta na vitabu vya hadithi. Shutuma hii nimeisoma mara nyingi na sioni kama walioitoa waliisikiliza albamu mpaka mwisho. Ndani ya dakika zile 41 kuna kujiua, kuna tamaa ya mwili inayosemwa waziwazi, kuna upweke usio na dawa, kuna watu wanaotendana vibaya. Upole uko kwenye sauti tu. Kinachoelezwa ni kigumu, na mtu aliyekuwa mgonjwa miaka saba hakuhitaji kufundishwa na mwandishi wa gazeti kwamba maisha ni magumu.

Jambo moja walilokosoa lilikuwa la kweli, na hata Murdoch alikubaliana nalo: albamu haikurekodiwa vizuri. Sauti ni nyembamba. Ala zinagongana mahali fulani, na mahali pengine zinapotea. Yeye mwenyewe aliona kwamba nyimbo zile ni miongoni mwa bora alizowahi kutunga, na akasikitika kwamba hazikupata rekodi inayozistahili. Septemba 2005 akapata nafasi ya kurekebisha. Bendi ilialikwa ukumbi wa Barbican, London, kuipiga Sinister yote kwa mpangilio wake, kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa kumi. Wakati huo walikuwa wanamuziki waliokomaa, wenye miaka tisa ya majukwaa. Walipiga kwa ustadi ambao 1996 hawakuwa nao, ikarekodiwa, na Desemba ikauzwa kwa intaneti, mapato yakienda kwa waathirika wa tetemeko la ardhi lililoipiga Kashmir mwezi Oktoba.

Nimeyasikiliza matoleo haya mawili nikiyabadilisha wimbo kwa wimbo. La Barbican ni bora kwa kila kipimo ambacho fundi wa studio angetumia. Fidla inasikika kama fidla. Besi ina mwili. Mwimbaji anajua aanzie wapi na aishie wapi. Na bado wasikilizaji hawakuhamia huko. Scott Plagenhoef alipoandika kitabu kizima kuhusu albamu hii, kilichotoka 2007, na jarida la mtandaoni la Pitchfork lilipotengeneza filamu kuihusu mwaka 2013, iliyokuwa mezani ni ile ya 1996. Orodha za albamu bora za miaka ya 1990 zinaitaja ile ile.

Sidhani kwamba ni kumbukumbu za ujana tu zinazowashika, ingawa zimo. Katika rekodi ya 1996 kuna watu ambao bado hawajui kama wanaweza. Mwimbaji anaifikia noti ya juu na inakaribia kumponyoka. Wapigaji wanaongeza mwendo bila kukusudia wimbo unapopamba moto, kwa sababu wamefurahi. Nyimbo zinazohusu watu wanaosita zinapigwa na watu wanaosita, na msikilizaji anayesita anasikia hakuna anayemzidi. Ukiirekebisha hali hiyo, nyimbo zinabaki nzuri, ila anayeziimba anakuwa mtu aliyeshavuka. Murdoch alikuwa sahihi kama mwanamuziki. Wasikilizaji nao walikuwa sahihi, na katika jambo hili nawafuata wao.

Waliipenda kwa namna ambayo ilizaa kazi nyingine. Mwaka 2006 wachoraji wa katuni, Marekani, walitoa kitabu kizima cha hadithi za picha, kila hadithi ikitokana na wimbo mmoja wa bendi hiyo. Vijana waliojifunza gitaa kwa nyimbo hizi walianzisha bendi Glasgow, Sweden, Marekani na kwingineko, na wengi wao hata leo hawachoki kusema walikoanzia. Bendi nayo ilijua deni lake: rekodi zao fupi tatu za 2017 na 2018, zilizokusanywa kwa jina How to Solve Our Human Problems, zilibeba majaladani sura za wasikilizaji waliojitokeza kupigwa picha. Watu waliokuwa wameificha sura yao mwaka 1996 wakaweka sura za waliowaunga mkono.

Murdoch hakupona kabisa. Ugonjwa humrudia, na kuna safari za bendi ambazo amelazimika kuziahirisha au kuzipunguza. Mwaka 2024 alitoa riwaya, Nobody's Empire, inayomhusu kijana mgonjwa wa Glasgow katika miaka ile ile. Watu wenye ugonjwa huo wamekuwa wakimwandikia tangu zamani, wengine wakiwa kitandani, na amezungumza hadharani kwa niaba yao mara nyingi, kwa sababu bado ni ugonjwa ambao baadhi ya madaktari huutilia shaka.

Msomaji ambaye hajaisikia albamu hii, ushauri wangu ni huu. Chukua toleo la 1996, si lile la Barbican, na usilisikilize kwa kurukaruka nyimbo. Anza na The Stars of Track and Field, maliza na Judy and the Dream of Horses, na usiongeze sauti mwanzoni hata kama utadhani iko chini mno. Usikilizaji wa kwanza unaweza usikuache na lolote. Ngoja siku mbili, rudia. Ikikugusa, mtafutie mtu mmoja unayedhani anaihitaji, umpe.